Miaka Mitatu Tu, Padre

Jamani, kuna aibu za kuteleza kwenye matope mbele ya watu, unainuka, unajipangusa, unacheka nao na yanaisha, na kuna aibu za aina yangu, ambazo mpaka leo nikipanda Matombo watoto wa shule wananisalimia "Tumsifu Yesu Kristo, Padre!" halafu wanakimbilia migombani wakicheka, na mimi siwezi hata kuwafokea maana kosa ni langu mwenyewe. Nilikaa nayo muda mrefu nikijifanya haikutokea. Lakini juzi rafiki yangu mmoja wa chuo aliisikia nusunusu kwa dereva wa bodaboda, tena imetiwa chumvi nyingi (eti nilivaa kanzu, mimi sikuvaa kanzu, lilikuwa shati), nikaona bora niisimulie mwenyewe kama ilivyokuwa.

Naitwa Deogratias, Deo kwa kila mtu. Nimekulia Morogoro mjini na mama yangu anayeuza viungo sokoni, lakini likizo zote nilikuwa napelekwa kwa kaka yake, mjomba Klementi, kwenye kijiji cha juu huko Matombo ambako barabara inakwisha halafu kijiji ndiyo kinaanza. Na kwa wasiojua, kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuja sikukuu na kitenge cha mama na kuondoka. Ukoo unakwenda kwa mama, ardhi inakwenda kwa mama, shamba la mjomba analirithi mpwa, na mjomba ndiye anayekugombeza, ndiye anayekuoza, na akishasema hapana basi baba yako mzazi anakunywa chai yake kimya. Mjomba Klementi juu ya hayo yote ni katekista wa kigango chetu, yaani Jumapili ambazo paroko hawezi kupanda mlima (na ni nyingi, hasa masika) yeye ndiye anayeongoza ibada, anafundisha watoto wa komunyo ya kwanza na kuwakemea wanaochelewa. Mtu mpole lakini hana masihara.

Sasa mimi nilipomaliza kidato cha sita nilijua vizuri ninachotaka kusoma, nacho ni sayansi ya mazingira. Sikushawishiwa na mtu. Tangu mdogo nilikuwa mtu wa vyura, konokono, majani ya ajabu, nikishuka kutoka kwa mjomba mfuko wa kaptula una kitu kinachotembea. Kilichobaki ilikuwa kuchagua chuo, na hapo ndipo nilipokuwa nazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Kulikuwa na chuo cha Dar, chenye majengo marefu na maabara ya kisasa na zaidi ya yote kiko Dar (na mimi, nisiwadanganye, nilikuwa najiona tayari natembea kule na miwani ya jua), na kulikuwa na chuo kimoja hapa hapa mjini, chini ya milima. Hicho cha mjini nilikwenda kuchungulia siku moja, nikawakuta wanafunzi wanashuka kutoka mlimani na buti za mpira, matope hadi magotini, wamebeba nyavu ndogo na vikopo, wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu mdudu, nikasimama pale getini nikiwatazama mpaka mlinzi akaniuliza nina shida gani. Moyo ulibaki pale, lakini miwani ya jua ilibaki Dar. Na dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa.

Tatizo halikuwa vyuo tu, lilikuwa lile neno. Ukisema "mazingira", mtu yeyote aliyepita shule ya msingi nchi hii anaona fagio la chelewa. Si ndivyo tulivyolelewa? Asubuhi zamu ya mazingira, ukichelewa unafanya mazingira, ukipiga kelele darasani unakwenda kufyeka mazingira, mwalimu wa zamu anakagua mazingira. Basi siku nilipomtangazia mama jikoni kwamba nataka kusomea mazingira, jirani yetu Mama Zai, ambaye alikuwa amekuja kuomba chumvi, alicheka mpaka akasahau chumvi.

"Mazingira? Chuo kikuu? Hebu kwanza aanze na uwanja wenu hapo nje, majani ya mwembe yana wiki!"

Mama hakucheka. Alinitazama kwa ile huruma ya mzazi aliyeona mtoto anapotea. "Deo mwanangu, mimi sikatai," akasema. "Lakini mjomba wako nitamwambia nini? Kwamba karafuu zake zinamsomesha mtu kufagia? Mwambie mwenyewe. Akikubali, sawa. Akikataa, unajaza uhasibu kama tulivyokubaliana, na sitaki kusikia neno."

Hapo sasa mnaelewa nilikuwa nimeshikwa wapi. Ruhusa ya mjomba ndiyo ilikuwa kila kitu. Mimi na hesabu za uhasibu hatupatani, nikiona safu za tarakimu nasinzia, kwa hiyo simu moja ya kwenda Matombo ndiyo ingeamua kama nitaishi na vyura au na mizania. Nikakaa nikafikiri, nikajiona mjanja kuliko mama, kuliko Mama Zai, kuliko ukoo mzima. Nikasema, kwani lazima nitamke mazingira? Si kuna neno la kisomi, zito, lisilo na ufagio ndani yake? Ikolojia! Nikalirudia mbele ya kioo, likanipendeza. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza, maana ningesema mazingira kwa Kiswahili cha kawaida na kumweleza mzee taratibu, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Simu kwa mjomba ina masharti yake. Mtandao unapatikana sehemu moja tu, juu ya jiwe lililo karibu na kanisa, na hata hapo upepo ukivuma unasikia nusu ya maneno. Nilimpata jioni, akiwa amesimama juu ya jiwe lake.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba! Sema haraka, mvua inakuja!"

"Mjomba, nimeshaamua cha kusomea. Nataka kusomea ikolojia!"

"Nini?"

"Ikolojia!"

"...olojia?"

"Ndiyo mjomba, olojia hiyo hiyo!"

(Ile "hiyo hiyo" ndiyo iliyoninyonga. Nilikuwa na haraka ya kukubaliwa, ningekubali hata angesema nini.)

Nikadhani mtandao umekata. Halafu nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu nizaliwe, mjomba Klementi analia. Si kulia kwa sauti, ile ya mtu anayevuta pumzi na kujaribu kuikohoa.

"Mwanangu," akasema, "una uhakika?"

"Nina uhakika, mjomba."

"Hakuna mtu aliyekulazimisha?"

"Hapana. Imetoka moyoni."

"Na mama yako?"

"Amesema ukikubali wewe, yeye hana neno."

"Basi mimi ni nani nikatae," akasema kwa sauti ndogo. "Jumapili paroko anapanda kwetu. Njoo. Lazima akuone." Na mvua ikamfukuza kwenye jiwe.

Nilirukaruka chumba kizima. Nikamwambia mama, "Umeona? Amekubali mpaka amelia!" Mama akashangaa sana, akasema kaka yake hakulia hata walipomzika bibi, lakini akaacha kunisumbua na uhasibu. Mimi nikajisifu kwamba neno moja tu la kisomi limemlainisha mzee. Kuhusu paroko, sikujiuliza mara mbili, kwetu kila anayekwenda mbali kusoma huwa anaombewa kanisani.

Kitu kimoja tu kilinisumbua wiki ile, nacho ni Felista. Felista ni binti wa kijijini kwa mjomba, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mimi na yeye tulikuwa na mambo yetu ya kimya kimya ambayo hakuna mzazi aliyekuwa anayajua, hasa baba yake, Mzee Gaspari, mwenyekiti wa kigango, mtu mwenye sauti nene na panga linalong'aa muda wote. Siku mbili tatu baada ya ile simu, Felista aliacha kujibu meseji. Tiki za bluu zinaonekana kila akipanda kwenye lile jiwe la mtandao, jibu hakuna. Nikamwandikia mambo matamu, kimya. Nikasema huyu ameshasikia nakwenda chuo, anaogopa nitapata wa mjini. Hata nikafurahi kidogo kwamba ananionea wivu (ujinga una ngazi, na mimi nilikuwa nazipanda moja baada ya nyingine).

Jumapili nikapanda kwa bodaboda alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha, ile barabara ilikuwa uji, na kwenye kona ya mwisho pikipiki ikalala na sisi tukalala nayo. Nilifika kwa mjomba nimepakwa udongo mwekundu kuanzia soksi hadi kifuani. Mjomba hakunigombeza. Alinitazama kwa upole wa kutisha, akasema, "Hakuna shida, mwanangu," akanitolea suruali yake nyeusi, ambayo iliniishia juu ya vifundo vya miguu, na shati lake jeupe lenye kola ya kusimama, akalifunga mwenyewe vifungo vyote mpaka cha shingoni. Nilipotaka kufungua cha juu nipumue, akanizuia mkono.

Dalili zilikuwepo, jamani. Leo nikizikumbuka najiuliza nilikuwa natumia akili za nani. Njiani kwenda kanisani bibi mmoja alinishika mikono miwili akasema, "Utuombee huko uendako, mwanangu, usitusahau," nami nikamjibu kwa ukarimu mkubwa kwamba nitawaombea wote. Vijana wenzangu, ambao kila nikija hunivuta pembeni tuonje mbege ya ndizi, safari hii walinipa soda, tena waliificha ile mbege nyuma ya mgomba kama mimi ni mwalimu wa nidhamu. Na uwanjani kwa mjomba kulikuwa na mbuzi ameshachinjwa na masufuria ya kuazima. Mbuzi mzima, mimi sijajaza hata fomu! Nikasema kweli mjomba ananipenda.

Misa ikaenda vizuri. Nilikaa benchi la mbele karibu na mjomba, kola inanikaba. Felista alikuwa kwenye kwaya upande wa kulia, macho mekundu, hanitazami. Nilijaribu kumkonyeza wakati wa sadaka, akageuza uso ukutani.

Kwenye matangazo ndipo mambo yalipoiva. Paroko, baba wa makamo mwenye miwani na kicheko cha karibu, akashika maiki akasema, "Ndugu zangu, kigango hiki leo kimepata neema. Katekista wetu amenipa habari iliyonifurahisha sana. Deogratias, njoo mbele."

Vigelegele! Akina mama wakasimama. Nikatembea mpaka mbele na suruali yangu fupi, paroko akaniweka mkono begani, akanigeuza niwatazame watu, akanisogezea maiki.

"Kijana, hebu tuambie wito wako ulianzaje."

Wito. Nami nimesikia maisha yangu yote kwamba ualimu ni wito, udaktari ni wito, nikasema kumbe hata ikolojia. Nikajibu kwa kujiamini, "Ulianza nikiwa mdogo, padre, hapo chini kwenye kijito cha mjomba, nilipokuwa nakamata vyura."

Kanisa likacheka. Paroko naye akacheka, akasema, "Mnasikia? Petro alikuwa anavua samaki, huyu ni vyura. Mungu ana njia zake." Makofi. "Na umeshaitwa rasmi?"

"Bado, padre, majina hayajatoka."

"Majina yako mbinguni, mwanangu!"

"Amina," nikasema, ingawa nilijua majina huwa yanatoka kwenye mtandao.

"Na utakwenda wapi? Umeamua?"

Hapo nikajieleza kweli, maana ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi. Nikasema nasita, kuna cha Dar chenye maabara nzuri na kuna cha hapa mjini kilicho karibu na msitu. Nikamwona paroko anakunja uso kwenye neno maabara. "Ni cha jimbo au cha shirika?" akauliza.

"Cha serikali, padre."

Watu wakaguna. Mzee Gaspari, benchi la pili, akageuka kumtazama mjomba, na mjomba akavua miwani akaanza kuifuta na pindo la koti. Paroko akaamua (namshukuru kwa wema wake) kwamba nafanya utani wa vijana.

"Haya," akasema, "utani tuuache. Maisha haya yana msalaba wake na ni vizuri ulijue mbele ya waumini hawa. Umejiandaa kuishi bila mke?"

Nikatupa jicho kwenye kwaya. Felista alikuwa anajifuta machozi na kitambaa, mabega yanamtetemeka. Moyo ukaniuma kweli. Nikasema huyu mtoto wa watu anateseka wiki nzima kwa kuhofia nitaoa mjini, na hapa nimepewa maiki, nafasi gani nyingine ninasubiri? Nikaisogeza maiki karibu na mdomo ili hata wa nje wasikie.

"Miaka mitatu tu, padre! Nikimaliza naoa. Na wa kumuoa wala simtafuti mbali, yupo hapa hapa kanisani, kwenye kwaya, sauti ya kwanza."

Na nikanyoosha kidole.

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Mpiga kinanda alishtuka akaegemeza kiwiko kwenye vitufe, na kinanda chenyewe ni cha umeme, kikaanza kupiga mdundo wa harusi peke yake, dum taka dum taka, na yule bwana kwa kuchanganyikiwa akawa anabonyeza kila kitu isipokuwa cha kuzimia. Felista akaangusha kitabu cha nyimbo. Mama yake akashika kichwa. Mzee Gaspari akasimama taratibu, ile taratibu ya mtu ambaye hana haraka kwa sababu anajua huna pa kukimbilia.

"Deogratias," paroko akaninong'oneza, lakini maiki ilikuwa wazi, "unakwenda kusomea nini?"

"Ikolojia, padre."

"Teolojia."

"Ikolojia. I-ko-lo-ji-a." Na kwa mara ya kwanza nikaanza kusikia, ndani ya sikio langu mwenyewe, yale maneno mawili yanavyofanana mtu akiwa amesimama juu ya jiwe kwenye upepo. Jasho likanitoka ndani ya lile shati. "Sayansi ya mazingira, padre."

"Kufagia?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma kwa sauti kubwa, kwa nia njema kabisa, anataka tu kuelewa.

Basi paroko akashindwa. Alijaribu kujizuia, akakohoa, akageukia ukuta, halafu akaegemea mimbari akacheka mpaka akavua miwani, na kanisa zima likamfuata, wazee kwa watoto, hata mama yake Felista nilimwona anacheka nyuma ya khanga. Mtu mmoja tu hakucheka. Mjomba Klementi alisimama, akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kumtazama mtu, na alipopita nikaona ameuma mdomo wake wa chini. Hapo hata mimi niliyekuwa nataka kujichekesha ili yaishe nikashindwa. Yule mzee alilia kwenye simu kwa ajili yangu, akachinja mbuzi, akamwambia paroko, akawaambia majirani, na mimi nimemvua nguo mbele ya watu anaowafundisha.

Nilitoka mbio, lakini mlangoni Felista alikuwa amenitangulia. Alinisimamisha na kidole kimoja kifuani.

"Wiki nzima," akasema, "wiki nzima nimelia namwachia Mungu mwanaume. Nikasema siwezi kushindana na Mungu. Kumbe ni vyura?"

"Felista, mimi sikujua..."

"Na nani amekuambia nimekubali kuolewa? Mule ndani umeulizwa wewe. Mimi niliulizwa na nani?"

Baba yake akatokea nyuma yake, akanitazama kuanzia kola mpaka pale suruali ilipoishia. "Kijana," akasema na ile sauti yake nene, "posa haipelekwi kwa maiki. Nitaongea na mjomba wako." Akamshika binti yake mkono wakaondoka, na Felista hakugeuka nyuma.

Nilimkuta mjomba shambani, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, amenipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nikapiga magoti kwenye matope na suruali yake ile ile, nikaanza kuomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo, kwamba sikukusudia, kwamba ni simu, kwamba nilitaka tu asidhani nakwenda kufagia, kwamba nitasoma uhasibu, nitasoma chochote atakachosema, ila asilie tena kwa ajili yangu.

Akageuka. Alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka, amejifunika mdomo kwa kofia ili sauti isifike kanisani.

"Nyamaza basi, watatusikia," akasema, akaketi juu ya gogo la mgomba na kujifuta uso. Halafu kicheko kikaisha, na akaongea kwa sauti nyingine kabisa.

"Unajua siku ile nililia kwa nini? Wote waliniona pale juu ya jiwe wakasema katekista analia kwa furaha. Deo, mama yako ana mtoto mmoja wa kiume. Nikifa mimi, shamba hili na ule msitu wa ukoo pale juu ni vyako, sina mpwa mwingine. Na padre hana shamba, padre anapelekwa anakopelekwa. Ulipotamka lile neno nikasema, Mungu amemtaka yule yule mmoja niliye naye. Ningemnyima vipi, mimi ninayewafundisha watoto wasimnyime Mungu kitu? Nikakutoa. Wiki nzima nimekuwa natembea humu ndani ya migomba kama mtu aliyetoka kuzika."

Nikabaki nimepiga magoti pale pale. Sikuwahi kufikiri kwamba mjomba ananihesabu hivyo.

"Halafu leo," akaendelea, na mdomo ukaanza kumcheza tena, "unasimama mbele ya altare unamwambia paroko, miaka mitatu tu! Nilitoka kwa sababu nilikuwa nataka kupiga kigelegele. Katekista hawezi kupiga kigelegele kwa sababu kanisa limekosa padre. Ningefukuzwa kazi."

Tukacheka wote wawili pale, mimi nacheka na kulia kwa pamoja, sioni aibu kusema. Kisha akaniuliza, bila kejeli, hiyo ikolojia ni kitu gani hasa, na safari hii nikamweleza kwa maneno ya kawaida. Nikamwambia ni kusoma jinsi viumbe, maji, miti na watu wanavyoishi kwa kutegemeana, na kujua kwa nini kijito chake siku hizi kinakauka mapema, na kwa nini vyura niliokuwa nawakamata pale siwaoni tena. Akasikiliza mpaka mwisho, akakitazama kile kijito.

"Na chuo gani kati ya hivyo viwili kitakufundisha mambo ya milima hii?"

"Cha hapa mjini."

"Sasa ulikuwa unasita nini?"

Niliona haya kumtajia miwani ya jua. Nikasema nimeshaamua, na kweli pale pale nilikuwa nimeshaamua. Akanivuta mkono nikainuka, akaitazama suruali yake ilivyochafuka, akasema tukale, wageni wanasubiri na mbuzi hana kosa lolote. Alipofika uwanjani aliwaambia watu wote, mbele ya paroko, kwamba mpwa wake anakwenda kusoma na ana baraka zake, na kuhusu lile lililosemwa kwenye maiki, wazee wawili watakaa kwa wakati wake. Mzee Gaspari akatikisa kichwa kukubali, akachukua paja la mbuzi.

Basi ndiyo hivyo. Sasa hivi nasoma mwaka wa pili, matope hadi magotini kama wale niliowatazama getini, na mlinzi yule ameshanizoea. Felista anasomea uuguzi, anajibu meseji zangu siku akipenda, na lile swali bado halijajibiwa kwa sababu, kusema kweli, bado sijamuuliza inavyotakiwa. Lakini nimeapa mambo mawili. Sitamwambia tena mzee jambo kubwa kwa neno nililolichagua ili nionekane msomi. Na siku nitakayomuuliza Felista, tutakuwa wawili tu, mchana kweupe, mbali na maiki yoyote, na nitamwacha yeye ndiye aanze kujibu.